Namna ya Kupima Mitazamo ya Vijana Kuhusu Somo la Elimu ya Viungo Shuleni

Mwalimu anapolalamika kwamba wanafunzi wake hawapendi kipindi cha michezo, huenda lalamiko lake linafunika mambo kadhaa yasiyofanana. Pengine vijana hao wanaupenda mchezo wenyewe lakini wanauchukia utaratibu wa kipindi. Pengine wanakithamini kipindi ila wanamwogopa anayekifundisha. Pengine hawana neno na somo wala na mwalimu, bali wanaona haya kutazamwa na wenzao wakikimbia au wakibadilisha nguo. Na pengine wanalifurahia somo kwa dhati huku wakiamini kwamba halina faida yoyote kwa maisha yao ya baadaye. Kila hali kati ya hizo inahitaji hatua yake, na dodoso lililoandikwa kwa haraka haliwezi kuzitofautisha. Litatoa wastani, wastani huo utaingia kwenye ripoti, na hakuna mwalimu atakayejua la kufanya baada ya kuusoma.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima mitazamo ya vijana wa umri wa miaka 11 hadi 18 hivi kuhusu somo la elimu ya viungo, kwa utaratibu ambao mwalimu, mkuu wa shule au mwanachuo anayeandika tasnifu anaweza kuufuata bila vifaa vya gharama. Nimeweka uzito mkubwa kwenye hatua za mwanzo, kabla hata ya karatasi moja kuchapishwa, kwa kuwa kasoro zinazoingia hapo hazirekebishwi na hesabu zozote zinazofuata.

Hatua ya kwanza: Andika uamuzi utakaotokana na majibu

Kabla ya kufikiria maswali, andika sentensi moja inayosema nani atafanya nini akishapata matokeo. Shule inayotaka kujua kama ibadilishe aina za shughuli zinazofundishwa inahitaji kipimo chenye maswali mengi kuhusu shughuli hizo. Mtafiti anayetaka kulinganisha vijana wa madarasa ya chini na wa madarasa ya juu anahitaji maneno yanayoeleweka kwa namna ileile na makundi yote mawili. Anayetaka kujua kama programu mpya imeleta mabadiliko lazima apime kabla ya programu kuanza na baada ya kumalizika, kwa dodoso lilelile. Ikiwa huwezi kuiandika sentensi hiyo, usianze bado.

Hatua ya pili: Tenganisha kile unachokipima

Mtazamo ni mwelekeo wa mtu wa kukikubali au kukikataa kitu fulani, na kitu hicho lazima kitajwe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Somo la elimu ya viungo si sawa na michezo kwa ujumla, wala si sawa na mazoezi ya mwili, wala na mashindano ya shule. Kijana anayecheza mpira kila jioni mtaani anaweza kulichukia somo hili kwa sababu halimpi nafasi ya kucheza anavyotaka, na kijana asiyependa mashindano ya aina yoyote anaweza kulipenda kwa sababu mwalimu humruhusu kujifunza kwa kasi yake. Ukimuuliza wa kwanza kama anapenda michezo, atakubali kwa nguvu zote, nawe utahesabu jibu lake kuwa sifa ya somo.

Historia ya vipimo vyenyewe inaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 1968 Gerald Kenyon alichapisha kipimo cha mitazamo kuhusu shughuli za mwili chenye nyanja sita: shughuli kama nafasi ya kukutana na watu, kama njia ya kupata afya, kama msisimko wa hatari na kasi, kama uzuri wa miondoko, kama njia ya kutuliza msongo, na kama mafunzo ya muda mrefu yanayodai kujinyima. Kipimo hicho kilipata watumiaji wengi, lakini kinapima shughuli za mwili popote zinapofanyika, na hakisemi lolote kuhusu kipindi cha darasani, mwalimu wake au mtaala wake. Anayekichukua kama kilivyo ili kutathmini somo anapima kitu kingine.

Mwaka 2000 Prithwi Raj Subramaniam na Stephen Silverman walichapisha kipimo kilichoundwa mahususi kwa somo la elimu ya viungo, chenye kauli 20 zilizopangwa katika pande mbili. Upande wa kwanza ni hisia, yaani furaha anayoipata mwanafunzi. Upande wa pili ni fikra, yaani manufaa anayoyaona. Kisha kila upande umegawanywa kulingana na chanzo chake: mtaala, maana yake shughuli zinazofundishwa, na mwalimu. Kwa maoni yangu mgawanyo huo wa sehemu nne ndio msingi unaomfaa zaidi mtu anayeanza, kwa sababu kila sehemu inaelekeza kwenye jambo linaloweza kubadilishwa. Alama za chini za furaha inayotokana na shughuli zinaita mazungumzo kuhusu shughuli. Alama za chini za manufaa yanayotokana na mwalimu zinaonyesha kwamba somo halijaelezwa sababu zake.

Unaweza kuongeza sehemu ya tano ikiwa sentensi yako ya kwanza inaihitaji. Ninayoipendekeza mara kwa mara ni ile inayohusu kuonekana mbele ya wenzao: kubadilisha nguo, kuchaguliwa wa mwisho katika timu, kushindwa kufanya zoezi huku darasa zima likitazama, na kwa wasichana, kushiriki wakiwa katika hedhi. Mambo haya hayamo katika furaha wala manufaa, na katika umri wa balehe yana nguvu kubwa. Hata hivyo usiongeze sehemu kwa kuwa tu inavutia. Kila sehemu mpya inadai kauli nne au tano zaidi, na kijana aliyechoka hujaza bila kusoma.

Hatua ya tatu: Amua kama utatumia kipimo kilichopo au utaunda chako

Kipimo kilichopo kinakuwezesha kulinganisha matokeo yako na ya wengine, na kazi kubwa ya kukihakiki imeshafanywa. Omba ruhusa ya waandishi, kisha usikate kauli wala kuziongeza bila kueleza katika ripoti. Ikiwa kimeandikwa kwa lugha ambayo wanafunzi wako hawaitumii kila siku, kifasiri kwa utaratibu ulioenezwa na Richard Brislin mwaka 1970: mtu mmoja anafasiri, mtu wa pili ambaye hajaiona nakala asilia anarudisha tafsiri hiyo katika lugha ya kwanza, kisha nakala mbili za lugha asilia zinalinganishwa na kila tofauti kujadiliwa. Kulingana kwa nakala hizo mbili hakutoshi. Tafsiri inaweza kurudi sawasawa na bado ikawa ngumu mno kwa mtoto wa miaka 12, na hilo litaonekana katika hatua ya tano peke yake.

Kuunda kipimo kipya kunafaa pale ambapo hakuna kilichopo kinachogusa jambo unalolihitaji. Usifanye hivyo kwa kudhani kwamba ni njia ya mkato.

Hatua ya nne: Andika kauli

Utaratibu unaotumika zaidi ni ule aliouchapisha Rensis Likert mwaka 1932, ambapo mshiriki anasoma kauli na kuonyesha kiwango cha kukubaliana nayo, kisha alama za kauli zote za upande mmoja zinaunganishwa. Nguvu ya utaratibu huu iko katika kuunganisha. Kauli moja peke yake hupotoshwa na neno moja, na hali ya siku, au na kumbukumbu ya kipindi cha jana. Kauli tano zinazogusa jambo moja kwa pembe mbalimbali hupunguza upotoshaji huo.

Chora kwanza jedwali lenye sehemu zako, na mbele ya kila sehemu uandike idadi ya kauli unazotaka kubaki nazo. Ikiwa unataka tano, andika nane au kumi, kwa sababu baadhi zitaanguka katika majaribio. Mifano ifuatayo inaonyesha kauli moja kwa kila sehemu ya mgawanyo wa pande mbili:

– Furaha kutokana na shughuli: «Shughuli tunazofanya katika kipindi cha elimu ya viungo zinanifurahisha.»
– Furaha kutokana na mwalimu: «Namna mwalimu wangu wa elimu ya viungo anavyofundisha inanifanya nikipende kipindi.»
– Manufaa kutokana na shughuli: «Mambo ninayojifunza katika kipindi cha elimu ya viungo yananisaidia nje ya shule.»
– Manufaa kutokana na mwalimu: «Mwalimu wangu wa elimu ya viungo hunieleza kwa nini kila zoezi lina faida kwangu.»

Tazama kwamba kila kauli inalitaja somo au mwalimu wake kwa jina. Marudio hayo yanaweza kumchosha msomaji wa kawaida, lakini yanamzuia kijana kuhamia kwenye mchezo anaoupenda nyumbani. Tazama pia kwamba kila kauli ina jambo moja. Kauli kama «kipindi cha elimu ya viungo kinafurahisha na kinaleta afya» haijibiki kwa anayekubali nusu yake ya kwanza na kuikataa ya pili. Vilevile iepuke kauli ambayo kila mtu ataikubali, kwa mfano «mazoezi ni muhimu kwa afya». Kijana amefundishwa jibu hilo tangu utotoni, na atalitoa hata kama kipindi chenu kinamchukiza.

Baadhi ya kauli ziwe hasi, ili anayejaza kwa kuchora mstari mmoja kutoka juu hadi chini ya karatasi agundulike. Lakini uhasi huo utoke katika maana, usitoke katika kikanushi. «Muda wa kipindi cha elimu ya viungo ni muda unaopotea» ni kauli hasi inayosomeka vizuri, ilhali «sidhani kwamba kipindi cha elimu ya viungo hakina faida» inamlazimisha msomaji kupiga hesabu ya vikanushi kabla ya kujibu, na vijana wadogo huishindwa hesabu hiyo mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Kauli moja au mbili hasi kwa kila sehemu zinatosha.

Kwa majibu, ngazi tano zinafaa: nakataa kabisa, nakataa, siko upande wowote, nakubali, nakubali kabisa. Ngazi ya katikati ina tatizo lake, kwa kuwa wengine huitumia kumaanisha kwamba hawajui, wengine kwamba hawataki kusema, na wengine kwamba siku nyingine wanakubali na siku nyingine wanakataa. Hata hivyo ningeiacha ibaki, kwa sababu kumlazimisha kijana achague upande asiokuwa nao ni kumtungia mtazamo. Taja kipindi cha muda pia: «muhula huu» ni bora kuliko kuacha bila mpaka, hasa kwa mwanafunzi aliyebadilishiwa mwalimu mwaka huohuo.

Mwishoni mwa dodoso acha nafasi ya swali moja la wazi, kwa mfano: «Kama ungeweza kubadilisha jambo moja katika kipindi cha elimu ya viungo, ungebadilisha nini?» Swali hili halitaingia katika alama, ila ndilo litakalozieleza.

Hatua ya tano: Wasikilize vijana wachache wakisoma

Wape kwanza wataalamu wachache, wakiwamo walimu wa somo lenyewe, orodha ya kauli na maelezo ya sehemu zako, na uwaombe waseme kila kauli ni ya lazima au la kwa sehemu iliyomo. C. H. Lawshe alitoa mwaka 1975 hesabu rahisi ya kazi hii: chukua idadi ya waliosema «ni ya lazima», toa nusu ya wataalamu wote, kisha gawanya kwa nusu hiyo. Wanane wakikubali kati ya kumi, uwiano ni 3 kugawanywa kwa 5, yaani 0.60, ambao uko chini kidogo ya kiwango cha 0.62 alichokiweka kwa jopo la watu kumi.

Wataalamu wakishamaliza, nenda kwa wenye jambo. Keti na kijana mmoja mmoja, kati ya sita na kumi, wenye umri na uwezo wa kusoma unaotofautiana, mwombe kila mmoja asome kauli kwa sauti na aeleze kwa maneno yake mwenyewe inasema nini na kwa nini anachagua jibu analolichagua. Usimsahihishe. Ukimsikia anaeleza jambo jingine, kasoro ni ya kauli. Hatua hii huchukua saa chache tu, na ninaamini hakuna nyingine inayoboresha kipimo kwa kiasi hicho kwa kazi ndogo hivyo. Ndipo utakapogundua, kwa mfano, kwamba kijana akisikia «kipindi cha michezo» anafikiria muda wa mapumziko, au kwamba «mwalimu wangu wa elimu ya viungo» kwake ni watu wawili tofauti.

Hatua ya sita: Fanya jaribio la awali na uchunguze uthabiti

Jaribu dodoso kwa kundi la wanafunzi wanaofanana na walengwa lakini ambao hawatashiriki katika kazi kuu. Madarasa mawili yanaweza kukuonyesha kauli dhaifu; ukitaka kuchunguza kwa takwimu kama sehemu zako zinajitenga kweli, utahitaji mamia ya washiriki.

Kipimo cha uthabiti, yaani kiasi ambacho majibu ya kauli za sehemu moja yanakwenda pamoja, kinachotumika zaidi ni alfa aliyoieleza Lee Cronbach mwaka 1951, inayopatikana katika programu nyingi za takwimu. Ikokotoe kwa kila sehemu peke yake, kwa sababu alfa ya dodoso zima huficha udhaifu wa sehemu moja. Alfa ya 0.70 na kuendelea hukubalika kwa kulinganisha makundi, ingawa namba hiyo haipaswi kuabudiwa, na sababu yake ni rahisi kuiona. Chukua kauli zenye uhusiano wa wastani wa 0.30 kati yake, pale ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu. Zikiwa tano, alfa inakaribia 0.68, zikiwa ishirini zenye uhusiano uleule, inapanda hadi karibu 0.90. Kauli hazikuwa bora, zimeongezeka tu. Kwa upande mwingine, alfa inayozidi 0.95 katika sehemu yenye kauli chache huwa dalili kwamba umeuliza swali moja kwa maneno tofauti kidogo.

Chunguza pia uhusiano wa kila kauli na jumla ya kauli nyingine za sehemu yake. Kauli yenye uhusiano ulio chini ya 0.30 inahitaji kuangaliwa upya, na ile yenye uhusiano hasi karibu kila mara ni kauli hasi ambayo alama zake hazijageuzwa. Ukiweza, rudia dodoso kwa vijana walewale baada ya wiki mbili hivi ili kuona kama majibu yanatulia. Muda mfupi zaidi huwafanya wakumbuke walichojaza, na mrefu zaidi huacha nafasi kwa mtazamo kubadilika kweli.

Hatua ya saba: Chagua washiriki

Kosa linalodhuru zaidi katika hatua hii ni kugawa dodoso wakati wa kipindi chenyewe cha elimu ya viungo. Waliosamehewa kwa cheti cha daktari, wanaojificha maktaba, waliosahau nguo za michezo kwa makusudi na waliotoroka hawapo, nao ndio wenye mitazamo ambayo shule inaihitaji zaidi kuijua. Gawa dodoso katika kipindi cha somo jingine la lazima, na uwatafute wasiokuwapo siku hiyo. Wanafunzi wenye ulemavu wasiachwe nje kwa dhana kwamba somo haliwahusu. Ikiwa wamewekwa pembeni ya uwanja muhula mzima, jibu lao kuhusu kipindi ni jibu zito.

Kwa kuwa wanafunzi huchaguliwa kwa madarasa, kumbuka kwamba waliomo katika darasa moja hufanana kimtazamo: wana mwalimu mmoja na uwanja mmoja. Tuseme umewapata wanafunzi 400 kutoka madarasa 10 yenye watu 40 kila moja, na kiwango cha kufanana ndani ya darasa ni 0.05 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kujibu sawasawa wote). Kigezo cha kurekebisha kinapatikana kwa kuchukua 39, kuzidisha kwa 0.05 na kuongeza 1, yaani 2.95. Wanafunzi wako 400 wana uzito wa kitakwimu wa takriban 136 tu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa nasibu. Ukiwapata 400 haohao kutoka madarasa 20, kwa kuchagua kwa nasibu 20 katika kila darasa, kigezo kinashuka hadi 1.95 na uzito unapanda hadi 205. Kuongeza madarasa kuna faida kuliko kuongeza watu ndani ya darasa lilelile.

Hatua ya nane: Pata ridhaa na ulinde siri

Pata kibali cha shule na ridhaa ya wazazi au walezi kwa mujibu wa taratibu za mahali ulipo, kisha umwombe kijana mwenyewe akubali. Ridhaa ya mzazi haimfungi mtoto. Mwambie wazi kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila kuulizwa sababu, na umaanishe hivyo.

Majina yasiandikwe. Ikiwa utapima mara mbili na unahitaji kuunganisha majibu ya mtu yuleyule, mwambie kila mmoja atunge alama ya siri kutokana na mambo anayoyajua yeye, kama herufi mbili za mwanzo za jina la mama na tarehe aliyozaliwa. Kutokuwapo kwa jina hakutoshi, lakini. Katika darasa lenye msichana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, jibu lake linatambulika mara tu utakapoandika jinsia na hali ya ulemavu. Weka kabla ya kuanza idadi ya chini ya watu ambayo kundi lazima liwe nayo ili matokeo yake yatajwe, na usiivunje kwa ombi la mtu yeyote, akiwamo mkuu wa shule.

Hatua ya tisa: Simamia ujazaji

Mwalimu wa elimu ya viungo asiwemo darasani. Asigawe karatasi, asizikusanye, wala asipite mlangoni. Kijana anayeulizwa kuhusu mtu atakayempa alama mwisho wa muhula hawezi kutarajiwa kusema ukweli mbele yake, na hata ahadi ya siri haifanyi kazi akimwona amesimama pale.

Msimamizi asome maelezo yaleyale katika kila darasa kutoka kwenye karatasi, asieleze kauli kwa maneno yake, na awaambie kwamba hakuna jibu sahihi wala baya. Dodoso lenye kauli 20 huhitaji kama dakika 15, na wasomaji wa polepole wapewe muda wanaouhitaji. Wakae mbali kiasi cha kutoonana majibu, na kila mmoja aiweke karatasi yake ndani ya bahasha au sanduku lililofungwa. Iepuke wiki ya mitihani, siku ya mashindano ya shule, na siku iliyofuata ajali au ugomvi uwanjani.

Hatua ya kumi: Geuza, kokotoa, chunguza

Zipe alama ngazi za majibu kuanzia 1 hadi 5. Kwa kauli hasi, toa alama ya mwanafunzi katika 6, ili 1 iwe 5 na 2 iwe 4. Mfano: mwanafunzi amejibu kauli tatu chanya za furaha kwa 4, 5 na 2, na kauli mbili hasi kwa 2 na 1. Baada ya kugeuza, kauli hasi zinakuwa 4 na 5, jumla ni 20, na wastani wake ni 4.0. Bila kugeuza, jumla ingekuwa 14 na wastani 2.8, na kijana anayekipenda kipindi angehesabiwa miongoni mwa wanaokipuuza.

Tumia wastani wa kila sehemu badala ya jumla, kwa sababu wastani hauathiriki sana na kauli moja iliyorukwa. Weka kanuni mapema, kwa mfano kwamba alama ya sehemu yenye kauli tano itakokotolewa ikiwa angalau nne zimejibiwa. Aliyechagua ngazi ileile kwa kauli zote, chanya na hasi, isipokuwa ngazi ya katikati, amejipinga mwenyewe. Mtenge katika uchambuzi na utaje idadi ya waliotengwa.

Usiishie kwenye wastani. Darasa la watu 40 ambalo 20 wamepata 1 na 20 wamepata 5 lina wastani wa 3, sawa kabisa na darasa ambalo wote wamepata 3, na bado la kwanza limegawanyika mapande mawili huku la pili halina hisia yoyote. Onyesha idadi ya wanafunzi katika kila ngazi, hata kama ni kwa chati ya mihimili iliyochorwa kwa mkono.

Hatua ya kumi na moja: Soma matokeo kwa tahadhari

Anza kwa kulinganisha sehemu ndani ya kundi moja kabla ya kulinganisha kundi na kundi. Manufaa yakiwa juu na furaha ikiwa chini, vijana wanalielewa somo lakini hawastareheki ndani yake. Hali ya kinyume inaonyesha kipindi kinachochangamsha kisichofundisha kitu kinachoonekana. Hapa ndipo majibu ya swali la wazi yanapofaa kusomwa, yote, moja baada ya jingine, kabla ya kuyapanga katika makundi.

Tofauti kati ya wasichana na wavulana, au kati ya madarasa ya chini na ya juu, ipimwe kwa ukubwa wake. Katika sampuli kubwa hata tofauti ndogo mno huweza kuonekana ya maana kitakwimu, yaani isiyoelezeka kwa bahati tu. Ikiwa wavulana wana wastani wa 3.6 na wasichana 3.4, na mchepuko wa kawaida, yaani kiasi ambacho alama hutawanyika kutoka kwenye wastani, ni 0.8, tofauti hiyo ni robo ya mchepuko, yaani 0.25, ambayo kwa vigezo vya mwanatakwimu Jacob Cohen ni ndogo. Aidha, ukiwakuta wanafunzi wakubwa wana mtazamo wa chini kuliko wadogo kwa kupima mara moja tu, huwezi kusema kwamba mtazamo hushuka kadiri mtu anavyokua. Huenda wakubwa walifundishwa na mwalimu tofauti au kwa mtaala tofauti. Kushuka kunathibitishwa kwa kuwafuatilia vijana walewale mwaka hadi mwaka.

Usidai pia kwamba anayelipenda somo atafanya mazoezi maishani. Icek Ajzen, katika nadharia yake iliyochapishwa mwaka 1991, alieleza kwamba nia ya kutenda hutokana na mtazamo pamoja na mambo mengine mawili: matarajio ya watu wanaomzunguka mtu na imani yake kwamba analiweza jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linawataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za mwili za nguvu ya wastani au kubwa kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Kama unataka kujua wangapi wanafikia kiwango hicho, pima shughuli zenyewe. Dodoso la mtazamo halitakupa jibu.

Na kwa msimamo wangu, matokeo haya yasitumike kupanga walimu kuanzia bora hadi dhaifu. Sehemu inayomhusu mwalimu huathiriwa na ukubwa wa darasa, vifaa alivyopewa na saa aliyopangiwa kwenye ratiba, na mwalimu anayejua kwamba atahukumiwa kwa dodoso ataanza kulifundishia.

Hatua ya kumi na mbili: Warudishie waliojibu

Ndani ya wiki chache, mpe kila mwalimu matokeo ya madarasa yake peke yake, faraghani, kabla hayajafika kwa mtu mwingine yeyote. Kisha waeleze wanafunzi kwa dakika chache mlichogundua na jambo moja au mawili ambayo shule imeamua kuyabadilisha, pamoja na yale ambayo haitayabadilisha na sababu zake. Mkishafanya mabadiliko, acheni muhula mzima upite, kisha rudieni dodoso lilelile, katika mwezi uleule wa mwaka wa masomo, chini ya msimamizi anayesoma maelezo yaleyale.